“Pole sana, bosi”: kikao nilichokitafsiri vibaya

Neno lililokaribia kumfukuzisha kazi kijana wa zamu ya usiku lina herufi nne tu, na aliyelitafsiri ni mimi.

Mimi ni afisa utumishi katika kiwanda cha kufungasha parachichi, nje kidogo ya mji wa Njombe. Jina la kiwanda nitabaki nalo. Kwetu ni Tukuyu, kwa hiyo huku na mimi ni wa kuja: miaka minane nimeishi na Wabena, na bado nikiwasalimu “kamwene” asubuhi, akina mama wa meza ya kupanga matunda wananiitikia huku wanaficha kicheko. Ndani ya uzio wetu meneja mkuu ni Mholanzi. Anayesimamia ubora ni dada wa Kikenya. Fundi wa mitambo ya baridi ametokea Limpopo, Afrika Kusini, ambako parachichi wanalijua tangu utotoni. Mhasibu ni Mchaga. Waliobaki, na ndio wengi, ni Wabena, Wakinga, Wahehe na Wapangwa, wanaoongezeka msimu ukifika na kurudi mashambani ukiisha.

Kwa asiyejua kazi hii: parachichi aina ya Hass halina haraka likiwa mtini, lakini likishachumwa ni kama mgeni aliyekwisha kuaga, huwezi kumzuia sana. Linapoozwa mpaka nyuzi joto 5 au 6, linapangwa kwenye katoni za kilo nne, katoni zinapangwa kwenye paleti, paleti zinaingia kwenye kontena la baridi, na kontena linashuka Dar es Salaam kupanda meli. Kontena moja la futi 40 linabeba katoni zaidi ya elfu tano. Kila saa ambayo tunda limekaa kwenye joto hapa Njombe linakuja kuilipa Ulaya, kwenye rafu ya duka. Na mwaka huo ninaousimulia, 2024, meli nyingi zilikuwa zimeikimbia Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi yaliyoanza mwishoni mwa 2023, zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ilikuwa imerefuka kwa zaidi ya wiki. Kwa hiyo Mholanzi wetu alikuwa halali vizuri hata kabla umeme haujakatika.

Ukakatika. Ilikuwa usiku wa tarehe 21, saa nane, kwenye baridi ile ya Njombe ya mwezi wa saba ambayo mlinzi anavaa makoti mawili na bado anacheza miguu. Utacheka kwamba kwenye baridi hiyo tuliogopa joto, lakini chumba chenye tani za matunda kinajipasha chenyewe, tunda linapumua. Jenereta ilitakiwa iwake yenyewe. Haikuwaka. Kijana wa zamu, Mkinga wa Makete (asiye na duka hata moja, niseme kabla hamjauliza), alihangaika nayo mpaka karibu saa kumi na moja, ndipo akaja mtu na betri ya gari. Kipimajoto cha chumba kilikuwa kimesoma nyuzi 13.

Alipompigia meneja simu, maneno yake ya kwanza yalikuwa: “Pole sana, bosi.” Halafu, kwa kuwa alimaliza kidato cha nne na Kiingereza kidogo anacho, akaongeza chenye kufanana nacho: “Sorry, boss. Very sorry.”

Mholanzi akaandika kwenye ripoti yake ya asubuhi kwamba mfanyakazi amekiri uzembe na ameomba radhi.

*

Sheria zetu za kazi ziko wazi. Huwezi kumwachisha mtu kazi kwa hasira za asubuhi. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka aambiwe tuhuma, apewe muda wa kujiandaa, aje na mwenzake akitaka, ajieleze. Nikaandaa barua, nikaandaa kikao. Kwenye meza tulikuwa watano: meneja, mimi, kijana, mwenzake wa zamu ambaye hakufungua mdomo mpaka mwisho, na fundi wa Limpopo aliyeitwa kuelezea habari za jenereta. Mkalimani nilikuwa mimi, kwa sababu afisa utumishi katika kampuni za namna hii ndiye mkalimani, mpatanishi, mnunuzi wa keki za kuagana, na wakati mwingine dereva.

Meneja akauliza kama ana la kusema. Kijana akasimama, mikono nyuma, macho kwenye meza. Akasema: “Mimi namwambia meneja pole sana kwa hasara iliyomkuta.”

Nikatafsiri: anasema yuko “sorry” sana kwa hasara. Nikaandika hivyohivyo kwenye muhtasari. Meneja akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa. Nami, nakiri, sikuhisi chochote. Nimesoma Kiingereza tangu kidato cha kwanza, na mahali pa “pole” huwa naweka “sorry” kama unavyoweka shilingi mia mahali pa hamsini mbili.

Aliyeshtuka ni fundi. Aliinua mkono, mkono mkubwa wenye grisi kwenye kucha, akasema kwa Kiingereza chake cha kwao: ngoja kwanza. Kwetu, alisema, rafiki yako akidondosha sahani na wewe umekaa upande wa pili wa chumba, unamwambia “sorry”. Si kwamba wewe umeivunja. Muulize huyu anasema hivyo kwa sababu amekosa au kwa sababu meneja ameumia.

Nikamuuliza kijana. Aliniangalia kama nimemuuliza jina la mama yangu.

“Nimekosa nini tena, mama? Mimi nampa pole. Si amepata hasara?”

Nadhani ukimya uliofuata ulikuwa mrefu kuliko kikao chenyewe. Mholanzi alinitazama, nami nilikuwa natazama muhtasari wangu mwenyewe. Kwetu mtu anapewa pole ya safari, pole ya kazi, pole ya msiba, pole ya kupanda ngazi. Ukimkuta jirani anapalilia unampa pole ya kazi, na hakuna anayedhani ni wewe uliyeotesha magugu. Kijana angenyamaza kwenye simu ile ya alfajiri, asimpe bosi wake pole, hapo ndipo angekuwa mtu asiye na adabu. Alifanya lile ambalo mama yake alimfunza, na mimi, mtoto wa Kinyakyusa niliyelelewa kwa pole na ndaga, asante ya kwetu, nikaligeuza kuwa ungamo.

Halafu akasema jambo la pili, taratibu, kama mtu anayeogopa kuonekana mjuaji: “Na niliandika.”

Wapi?

“Kwenye daftari.”

*

Hapa lazima nieleze hilo daftari. Kiwandani tuna fomu. Fomu ni nzuri, za Kiingereza, zina nembo, zina visanduku. Zamu inaweka alama ya vema: jenereta, sawa, joto, sawa, mlango, sawa. Meneja aliyepita alikuwa na fomu zake, aliyekuwa kabla yake alikuwa na zake. Lakini tangu kiwanda kianze, watu wa zamu ya usiku wana kaunta buku lao lenye jalada lililobandikwa gazeti, linakaa kwenye kibanda cha mlinzi chini ya redio, na humo wanaandikiana wao kwa wao, kwa Kiswahili, mambo ambayo fomu haina kisanduku chake.

Mwenzake akatumwa kulileta. Mwandiko wa kalamu ya bluu:

“Tar. 3. Umeme umekatika saa 7:20 usiku. Jenereta imewaka mara ya pili.”

“Tar. 9. Imewaka mara ya tatu. Fundi ajulishwe.”

“Tar. 14. Betri inasikika kuchoka. Nimemwambia bosi.”

Nikasoma, nikatafsiri, safari hii neno kwa neno na kwa sauti ndogo. Mholanzi akasema hajaambiwa kitu. Kijana akasema amemwambia, siku ile pale kwenye mizani. Na Mholanzi, kwa heshima yake, akakaa akafikiri, kisha akakumbuka. Ni kweli, kijana alimfuata kwenye mizani akasema: “Bosi, samahani, jenereta siku hizi inachelewa kidogo.” Akamuuliza: lakini inawaka? Akajibiwa: inawaka, bosi. Basi, akaendelea na mizani yake.

Hebu lisikilize hilo “kidogo”. Masikioni mwangu, mtu mdogo akimwendea mkubwa bila kuitwa, akaanza na samahani, akasema kitu kinachelewa kidogo, kengele inalia. “Kidogo” hapo haipimi ukubwa wa tatizo, inapima umbali kati ya msemaji na msikilizaji. Mtu anayeumwa hoi atakuambia hajisikii vizuri kidogo. Mholanzi alisikia kipimo, akapima, akaona ni kidogo kweli. Na aliuliza swali ambalo kwao ni swali la kawaida la kutaka habari, kumbe kwa kijana ni mlango unafungwa: bosi ameuliza inawaka, nami nimbishie?

Fundi naye hakupona. “Fundi ajulishwe” ilimhusu yeye, na yeye hasomi Kiswahili.

*

Miezi michache kabla ya hapo nilipelekwa Dar es Salaam kwenye mafunzo ya siku mbili ya kusimamia timu za mataifa mbalimbali. Chakula kilikuwa kizuri. Tulifundishwa habari za Geert Hofstede, naye Mholanzi, aliyechambua madodoso zaidi ya laki moja waliyojaza wafanyakazi wa IBM wa nchi nyingi kati ya 1967 na 1973, akatoa vipimo vya tamaduni. Kimojawapo ni umbali wa madaraka: watu wa chini wanakubali kiasi gani kwamba wa juu yuko juu. Uholanzi imepata 38. Sisi 64.

Nilipouliza “sisi” ni nani, ikabainika kuwa ni Afrika Mashariki, na Afrika Mashariki kwenye jedwali hilo ni Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia kwa pamoja. Namba moja. Nikamfikiria yule dada wetu wa ubora na mzee wa Kibena amesimama naye mbele ya kreti, wote wawili ni 64.

Simdharau marehemu. Mwenyewe alionya kuwa namba zake ni za jamii, zisitumiwe kumpimia mtu mmojammoja, na 38 kwa 64 inaeleza vizuri tu lile tukio la mizani. Kinachonitatiza ni kwamba katika kikao kile aliyeielewa pole ya Mkinga alikuwa mtu wa Limpopo asiyejua Kiswahili, na aliyeikosa ni mimi niliyezaliwa nayo. Hakuna jedwali lingekuambia uwapange hivyo.

Na hilo la dada wa ubora nilimalize, maana lilitugharimu zaidi ya jenereta. Anaijua kazi kuliko sisi wote. Anachukua sampuli, anaikausha kwenye maikrowevu, anapima. Ukavu, yaani uzito unaobaki maji yakishakauka, usipofika asilimia 21 tunda la Hass halijakomaa, soko la Ulaya halilitaki, na hana mjadala. Wakulima wanajua, lakini madalali wanapita mapema na fedha mkononi, kwa hiyo kila mwanzo wa msimu kuna wanaojaribu bahati. Siku moja mzee akaleta mzigo wake kwenye pikapu, haujakomaa. Dada akatoka na ubao wake wa kuandikia: “Wewe mzee, kuja hapa. Hii matunda bado. Rudisha.”

Kwao hapo hajatukana mtu. Ameokoa muda wa mzee. Lakini hapa mzee hajasalimiwa shikamoo, ameitwa “wewe”, ameamriwa mbele ya mjukuu wake aliyeendesha pikapu. Mzee alisema: “Sawa, mama.” Akageuza gari. Dada akarudi ndani akaniambia wakulima wa huku ni waelewa, hawana matata kama wa kwao.

Wiki iliyofuata kijiji kizima kilipeleka mzigo kwa mnunuzi mwingine.

“Sawa” yetu ina vyumba vingi: nimesikia, nimekubali, nimechoka kubishana nawe, na kwaheri. Mholanzi akisema neno watu wanaliangalia mara mbili, kwa sababu ni Mzungu, huenda hajui. Akisema Mkenya hakuna anayemsamehe, kwa sababu si anajua Kiswahili? Lugha moja ikitumika na watu wa nyumba mbili inakuwa telezi kuliko lugha mbili zenye mkalimani. Ilibidi niende kijijini na dada mwenyewe, siku ya Jumapili baada ya ibada, tukakaa kwenye viti vya plastiki, tukanywa chai, habari za parachichi zikaja za mwisho kabisa. Alisalimia shikamoo kila mzee, na lafudhi yake wakaipenda. Mzigo ulirudi, ingawa si wote.

Mambo ya saa nayapita. Kila aliyefanya kazi na wageni ana hadithi yake ya kikao cha saa mbili kilichohudhuriwa saa nane. Tunaandika zote mbili, tumemaliza.

*

Nirudi kwenye daftari, maana ndilo lililoninyima usingizi. Kwa nini habari ya jenereta ilikaa pale siku kumi na nane, imeandikwa vizuri kabisa, kwa tarehe, na sisi wenye ofisi hatukuiona?

Jibu nilipewa na mlinzi, mtu mzima, tukiwa tunaota moto wa mkaa. Alisema: “Mama, mabosi wanakuja na fomu zao, wanaondoka na fomu zao. Sisi tupo.” Ndiyo sheria ilivyo, ingawa yeye hakuisoma. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015 inampa mgeni kibali cha miezi 24, kinahuishwa, lakini kwa kawaida jumla ya muda wake ina ukomo, na mwajiri aonyeshe mpango wa kumwachia Mtanzania ile kazi. Sheria nzuri, naiunga mkono, nami mwenyewe ndiye ninayejaza huo mpango. Ila matokeo yake ni kwamba kila mtu kiwandani anajua bosi ana tarehe ya mwisho, kama maziwa. Ukibishana naye leo unapoteza, ukimvumilia, atapita. Kwa hiyo ujuzi wa kweli wa mitambo ile, mlango upi unashikwa na barafu, ni swichi ipi uibonyeze mara mbili, haupandi kwenye fomu. Unashuka kwenye kaunta buku, kutoka zamu hadi zamu.

Barua ya onyo niliichana. Betri ilinunuliwa kesho yake. Daftari nalo tulilipa cheo: kila asubuhi saa mbili kasoro robo mimi au msaidizi wangu tunalisoma kwa sauti kwenye kikao, kwa Kiswahili kwanza, na fundi wa Limpopo sasa anatambua maneno kama “inachoka” na “inalia” kabla sijatafsiri. Wiki ya kwanza zamu waliandika kwa Kiingereza, ili wapendeze, na hapakuwa na la maana humo. Nikawaomba warudie kuandika kama zamani.

Kilichokuwa kigumu ni radhi. Mholanzi aliamua kuomba radhi, na kwa kuwa alikosea hadharani alitaka airudishe hadharani. Siku ya Jumatatu, watu wote wamepanga mstari, akasimama akasema kwa Kiswahili alichokikariri: “Nilikosea. Kijana alisema kweli. Naomba radhi.” Mimi machozi yalinilenga. Nikageuka nikaona watu wengi wanaangalia viatu vyao. Mama mmoja wa meza ya kupanga aliniambia baadaye, kwa uchungu wa kweli: “Sasa kwa nini asingemwita pembeni? Amejivua nguo mtu mzima.” Na mchana kijana mwenyewe akabisha hodi ofisini kwangu, kofia mkononi. Alitaka kujua kama anafukuzwa. Bosi hawezi kujishusha vile bure, alisema, lazima kuna kitu kinakuja.

Nilimwambia hakuna kitu kinachokuja. Akasema sawa. Nikamuuliza ni sawa ipi, akacheka.

Ilichukua miezi. Mwaka uliofuata, siku tunapakia kontena la mwisho, Mholanzi alitoka chumba cha baridi kwa haraka akaupiga ule mlango mfupi wa pembeni kwa paji la uso, sauti ikasikika mpaka kwenye mizani. Kijana alikuwa karibu na troli.

“Pole, bosi!”

Mholanzi akasimama, mkono kwenye paji, jicho moja limefumbwa. Akamtazama muda. Kisha, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula: “Kwa nini pole? Wewe ndiye ulijenga mlango?”

“Hapana, bosi,” kijana akasema. “Mimi niliandika kwenye daftari kwamba ni mfupi.”